Somo Moja Lililokamilika: Mama Anaporudi Chuoni

Katika Kiswahili cha pwani neno chuo lina umri mrefu kuliko majengo yote tunayoyaita kwa jina hilo leo. Wazee wetu walikiita kitabu chuo. Wakapaita chuo pale mtoto anapopelekwa kujifunza alifu na be. Nasi wa zama hizi tumeliongezea neno hilo maana ya tatu, tukaliita chuo kikuu lile jengo ambalo kijana hutoka amevaa joho. Kitabu, madrasa na chuo kikuu vimekaa ndani ya neno moja. Lakini katika fikira za kina mama wengi maana hii ya tatu imetengwa na zile mbili. Kitabu hufunguliwa na mtu wa umri wowote. Madrasa za kina mama zimejaa mabibi wanaosahihisha tajwidi zao. Ama chuo kikuu, hudhaniwa kwamba mlango wake hufunguka mara moja tu katika maisha, kijana amalizapo kidato cha nne, na kwamba aliyeolewa, akazaa na kulea, hana tena la kutafuta pale.

Dhana hiyo imewakosesha wengi heri. Katika makala haya tumekusudia kueleza njia moja ya kurudi, nayo ni kusoma somo moja moja, lile ambalo wanafunzi wa vyuo vyetu huliita yuniti. Mtu hajiandikishi kwa miaka minne. Hujiandikisha kwa somo moja, akalilipia hilo, akalifanyia mtihani hilo, na akalipata kwa maandishi. Kisha hutazama hali ya nyumba yake kabla ya kushika la pili.

Mji wa wageni wengi

Tumeuchukua mfano wetu Kitengela na Kajiado, mbali kidogo na bahari, kwa sababu huko shida ya mama wa pwani huonekana bila kificho. Kitengela ipo katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara itokayo Nairobi kuelekea Namanga kwenye mpaka wa Tanzania, mwendo wa kama kilomita 30 kusini mwa jiji. Ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai. Leo ni mji wa nyumba za kupanga, na sensa ya mwaka 2019 iliukuta una watu zaidi ya 150,000. Kilichowavuta wengi ni kazi za Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti: viwanda vya saruji, na lile eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, EPZ, lililowekewa sheria yake mwaka 1990, ambako wanawake kwa maelfu hushona nguo.

Miongoni mwa waliohamia mji huo zimo familia zetu. Mume amepata kazi kiwandani au katika uchukuzi, mke amemfuata, na watoto wamezaliwa huko huko. Huku pwani mama huwa na mamake, shangazi, wifi na jirani wa mlango wa pili. Mtoto huachwa kwa bibi yake tangu adhuhuri hadi magharibi bila ya mtu kuuliza. Kule Kitengela mama yu peke yake na funguo za nyumba ya kupanga. Saa mbili za utulivu kwake ni mali.

Tulialikwa huko kutoa darsa kwa kina mama baada ya swala ya alasiri. Darsa ilipokwisha, mmoja wao, mzaliwa wa Mombasa na mama wa watoto watatu, alibaki nyuma pamoja na wifi yake ili aulize. Alikuwa ameacha chuo kikuu katika mwaka wa pili alipobeba mimba yake ya kwanza. Miaka mingi baadaye alijaribu kurudi. Alijiandikisha kwa kozi nzima, mumewe akauza pikipiki ili ipatikane karo ya muhula, na kabla ya mitihani mtoto wa tatu akalazwa hospitali kwa majuma matatu. Muhula ukapotea, na karo ikapotea pamoja nao. Sasa roho yake inamwita tena, naye anaiogopa.

"Sheikh," alituuliza kwa sauti ya chini, "nikianza tena nisimalize, nitakuwa na dhambi? Zile zilikuwa fedha za watoto."

Tulimwambia, "La, mwanangu, huna dhambi kwa kumuuguza mwanao. Lakini swali lako lina sehemu mbili, na hii ya fedha yataka tuifikiri vizuri."

Jawabu la sehemu ya kwanza limo katika vitabu tulivyosomeshwa sote. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeanza ibada ya sunna, kama vile kufunga siku ya Jumatatu, halazimiki kuitimiza, ingawa kuitimiza ni bora. Hija na umra ndizo zenye hukumu yake mbali. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa wasaa huo, vipi atiwe makosani mwanamke aliyefunga daftari lake ili akae karibu na kitanda cha mtoto mgonjwa?

Jawabu la sehemu ya pili ndilo makala haya. Fedha za watoto hazikupotea kwa sababu mama alitaka elimu. Zilipotea kwa sababu alinunua kitu kikubwa kisichogawika, kwa nyumba ambayo wakati wake umegawika vipande vipande. Dawa yake si kuiacha elimu. Dawa yake ni kuchukua fungu ambalo mkono wake unaweza kulishika mpaka mwisho.

Mwendo wa wema waliotangulia

Wala asidhani mtu kwamba kujifunza kwa mafungu ni uzushi wa vyuo vya kisasa, au ni elimu pungufu ya watu walioshindwa. Kurani tukufu yenyewe iliteremshwa kwa vipande katika muda wa miaka ipatayo 23. Makafiri waliuliza kwa nini isishuke yote kwa mara moja, na Sura ya Al-Furqan, katika aya ya 32, inatufahamisha kwamba hekima yake ilikuwa kuutia nguvu moyo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Masahaba waliopokea kutoka kwake, kama alivyosimulia Abu Abdirrahman as-Sulami kuhusu waliomsomesha, walikuwa wakichukua aya kumi, hawavuki kwenda kumi nyingine mpaka wazijue elimu yake na waifuate kwa vitendo.

Kuhusu umri, Imamu Bukhari alikumbusha katika Kitabu cha Elimu kwamba masahaba wa Mtume walijifunza hali wamekwisha kuwa watu wazima. Na katika wanazuoni wa madhehebu yetu yumo Abu Bakr al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Lakabu yake ya al-Qaffal imetokana na kazi yake, kwani alikuwa fundi wa kufuli. Alikuwa na miaka ipatayo 30, na mikono yake imekwisha kuzoea chuma, alipoanza kutafuta elimu ya fiqhi. Akawa imamu wa Mashafi wa Khurasani, na kauli zake zinatajwa hadi leo katika vitabu vya madhehebu.

Na kuhusu wanawake, kina mama wa Madina walimwendea Mtume wakamweleza kwamba wanaume wamewashinda kwa kumzunguka kila wakati, wakamwomba awawekee siku yao, naye akawawekea. Bibi Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na ash-Shifa binti Abdillahi. Hilo lilikuwa somo moja, kutoka kwa mwalimu mmoja wa kike.

Sisi tuliolelewa madrasani hatukuanza kwa vitabu vyote vya fiqhi. Tulipewa Safina, kijitabu cha kurasa chache. Aliyekimaliza alisongezwa mbele. Aliyepatwa na safari au maradhi alirudi akakikuta pale pale alipoweka kidole. Hakuna mwalimu aliyetwambia kwamba kwa kuwa tumekosa miezi mitatu basi Safina yote imefutika. Masomo ya somo moja moja, yakipangwa vizuri, yamejengwa juu ya adabu hiyo hiyo.

Njia zilizopo nchini mwetu

Kenya si ngeni katika kuwasomesha watu wazima. Mwaka 1967 kilianzishwa huko Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi cha wakati huo, kitengo cha masomo ya posta. Walimu wa shule za msingi waliokuwa kazini walipelekewa masomo kwa barua na kusomeshwa kwa redio, wakajiendeleza bila ya kuacha madarasa yao. Dunia nzima ilikuwa ikielekea huko: Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969, na cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilipewa hati mwaka 2023. Makao yake yako Konza, si mbali na Kitengela, na masomo yake hutolewa kwa njia ya mtandao.

Hapa tuondoe utata mmoja. Wazazi wengi wakisikia neno moduli hukumbuka ile "moduli ya pili" iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, ambapo mwanafunzi alijilipia karo yote na kusoma kozi nzima. Sisi hatuzungumzii hiyo. Tunazungumzia somo moja, lenye mwanzo wake na mwisho wake.

Njia iliyo wazi zaidi kwa anayetaka somo moja moja ni mitihani ya uhasibu ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Katika mtaala wa CPA wa mwaka 2021, ngazi ya kwanza ina karatasi sita: uhasibu wa fedha, stadi za mawasiliano, utangulizi wa sheria na uongozi, uchumi, hesabu za takwimu, na teknolojia ya habari. Mtahiniwa aliyepata C+ katika KCSE anaweza kujiandikisha, kisha akachagua kukalia karatasi moja tu katika awamu. Awamu za mitihani ni tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Anayepasi karatasi moja kila awamu huimaliza ngazi ya kwanza kwa miaka miwili, huku amelea. Akumbuke tu kwamba usajili wa bodi huhuishwa kila mwaka kwa ada yake. Asijesahau wakati amekaa bila mtihani.

Njia ya pili ni vyuo vya ufundi. Katika mtindo mpya wa mafunzo ya umahiri, kazi moja, tuseme ya ushonaji au ya upishi wa hoteli, imegawanywa katika vitengo, na kila kitengo hupimwa peke yake. Mjini Kajiado kipo chuo cha umma cha siku nyingi, Masai Technical Training Institute. Na yule ambaye amekwisha kushona kiwandani miaka kumi asianze na kushika sindano: mfumo wa taifa wa sifa za elimu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, una nafasi ya kumpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini na kumtambua kwa cheti. Mama wa EPZ aulize kuhusu kutambuliwa huko kabla ya kulipia darasa la yale anayoyajua.

Njia ya tatu ni yuniti za chuo kikuu. Katika Kaunti hiyo hiyo ya Kajiado kipo Umma University, chuo kikuu cha kwanza cha Kiislamu nchini, chenye masomo ya sharia na masomo ya dunia pamoja. Mama anayeishi Kitengela yu jirani yake. Kwa waliobaki pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kimezaliwa kutokana na Mombasa Institute of Muslim Education, ile ambayo wazee wetu waliiita MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1951. Si kila idara ya kila chuo humpokea mtu kwa yuniti moja. Inabidi kwenda ofisi ya msajili na kuuliza kwa ulimi, maana matangazo ya barabarani hutaja kozi nzima tu.

Hesabu isiyodanganya

Ni wajibu wetu kusema na upande wa pili, ili mtu asije akatulaumu. Shahada ya kwanza ya miaka minne huwa na yuniti 40 au zaidi. Anayesoma moja kwa kila muhula, mihula miwili kwa mwaka, atahitaji miaka 20, na vyuo huweka ukomo wa muda ambao mwanafunzi anaweza kukaa katika daftari zao. Kwa hiyo asiye na shahada asidhani ataipata kwa mwendo huo mpaka mwisho.

Basi faida yake ni nini? Ni mbili. Ya kwanza, somo la kwanza ni mizani. Kwa kawaida yuniti moja ya chuo kikuu ina saa 45 za mafundisho, yaani saa tatu kwa wiki katika majuma 15, na yataka angalau saa nyingine tatu za kusoma peke yako. Hizo ni saa sita kwa wiki: saa moja kila siku, ukiiacha Ijumaa. Nyumba inayoweza kutoa saa hiyo moja kwa majuma 15 bila ya kuvunjika itajijua. Isiyoweza nayo itajijua, na hasara yake ni karo ya somo moja, si pikipiki ya baba. Ya pili, somo lililokamilika hushikamana na jingine. Mama huanza na moja. Mtoto mdogo akiingia shule ya chekechea huchukua mawili. Wa mwisho akifika darasa la nne huenda akachukua manne. Mwendo hubadilika kwa kadiri ya nyumba, na alichokwisha kukipata hakirudi nyuma.

Lipo na jambo la deni. Wengi huona mlango wa elimu ya juu umezibwa na mkopo. Mkopo wa kawaida wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na waumini wengi wameuepuka kwa kuiogopa riba. Wapo waliokaa nyumbani kwa sababu hiyo peke yake. Anayelipia somo moja anaweza kulipa kwa fedha ya mkononi: kwa mchezo wa kina mama wa mtaani, kwa faida ya mahamri na viazi vya karai, au kwa alichotengewa na mumewe. Akimaliza, hana alama ya kudaiwa. Amani hiyo ya moyo haimo katika vitabu vya karo, lakini kwa mwenye kuijali dini yake ina thamani kubwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa senti

Wapo watu ambao biashara yao ni kuuza vyeti vya karatasi nzuri visivyo na uzito. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mama au mtu wake aulize haya, na majibu ayapate kwa maandishi yenye muhuri.

Kwanza, je, chuo kimeidhinishwa? Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya ufundi vina mamlaka yake iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Orodha zao ziko wazi kwa kila mtu.

Pili, je, somo hili litaandikwa katika hati ya matokeo, na litahesabiwa iwapo baadaye nitajiandikisha kwa kozi kamili? Hili ndilo swali la kuzingatiwa kuliko yote. Somo lisilohesabiwa popote linaweza kuwa na manufaa kwa akili, lakini halitamsongeza mtu katika ngazi. Na anayenuia kuhamisha masomo kutoka chuo hadi chuo ajue kwamba kinachokubaliwa kuhamishwa huwa hakifiki nusu ya kozi. Ni bora mtu aanze pale anapotumaini kumalizia.

Tatu, somo hili litabaki hai kwa muda gani? Kuna masomo, hasa ya kompyuta na ya sheria za kodi, ambayo hubadilika upesi.

Nne, gharama zote ni zipi? Karo ni moja. Kuna usajili, mtihani, kitambulisho, maktaba, na bando la intaneti. Aulizie jumla yake yote.

Tano, nikijifungua, nikiugua au nikifiwa, je, naweza kuahirisha bila ya kupoteza nilicholipa? Laiti yule mama wa Kitengela angeliuliza swali hili mara ile ya kwanza, huenda muhula wake ungalisubiri.

Sita, mtihani unafanyiwa wapi, siku gani na saa ngapi? Mtu ajue mapema iwapo utaangukia Ramadhani, na nani atakaa na watoto siku hiyo.

Nyumba inayosoma

Tunamalizia kwa kuwageukia waume, kwa kuwa somo moja la mama hubebwa na nyumba nzima. Baba anaposema "sikukatazi," amefanya jambo jema, lakini hajamaliza kazi. Kutokataza si kusaidia. Saa moja kwa siku lazima itoke mahali, na mara nyingi itatoka mikononi mwake: awashe yeye jiko asubuhi, awapeleke yeye watoto madrasani Jumamosi, aoshe yeye vyombo siku ya kuamkia mtihani. Mtume wetu, kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na ukisikia adhana ndipo huondoka. Hakuna mume aliyepungukiwa na heshima kwa kumfuata yeye.

Nao wazazi na mashemeji tunawaomba ulimi mwema. Mwanamke wa miaka 38 anayebeba daftari hukutana na maneno ambayo kijana wa miaka 19 hakutani nayo: kwamba anatafuta nini, kwamba amechoka na mumewe, kwamba elimu itamfanya awe na kiburi. Maneno haya huvunja masomo mengi kuliko ugumu wa mitihani. Asiye na la kusaidia amwombee dua.

Na dada zetu wenyewe tunawausia wachague saa na kuilinda. Wengine huipata baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, wengine baada ya isha. Ichaguliwe moja, iwe ile ile kila siku, na nyumba yote iijue kama inavyojua wakati wa swala. Simu ambayo ndani yake mna somo ndiyo iyo hiyo yenye makundi ya harusi na picha za mapishi. Ikifunguliwa kwa somo, yale mengine yangoje. Kama wapo wawili au watatu katika mtaa mmoja wenye nia hii, washike somo moja kwa pamoja: mmoja alinde watoto wa wote wakati wenzake wanasoma, kisha wabadilishane. Kule Kitengela, ambako bibi na shangazi hawapo, kina mama wa darsa wanaweza kuwa bibi na shangazi.

Mafunzo ya dini yetu yametuzoesha kupenda amali ndogo yenye kudumu kuliko kubwa yenye kukatika, na elimu ni amali. Mwanamke mwenye hati ya somo moja alilolisoma, akalielewa na kulifaulu, ana zaidi ya yule aliyelipia kozi nzima akaiacha nusu ya njia. Na akifiwa na mume au mambo yakimgeukia, ana mahali pa kuanzia. Mihula na mitihani mipya haiko mbali. Mwenye nia na aende ofisi ya msajili wiki hii na yale maswali sita mkononi. Mwenyezi Mungu awafungulie kina mama wetu milango ya elimu yenye manufaa, na azibariki saa zao chache. Amin.